Mtani Aliyevaa Kofia ya Baba

Kabla sijakumbuka sura ya baba, nakumbuka harufu yake. Alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Jina hilo tulilijua miaka mingi kabla ya ugonjwa, na mpaka leo nikilisikia mimi huwaza mkonge tu. Jioni alirudi akinuka uchachu wa majani yaliyosagwa, uchachu ambao sabuni ya mche haikuuweza. Tuliishi nje kidogo ya Korogwe, kwenye nyumba za kambi ya zamani ya shamba. Sisi Wazigua tulikuwa upande huu wa ukuta, na upande wa pili walikaa Wanyamwezi ambao babu yao aliletwa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Tulijua wamepika nini, nao walijua kwetu nani kanuna.

Mnunaji alikuwa dada yangu Zaina. Alikuwa na miaka kumi na mitano, umri ambao mtu hata akisalimiwa anaona ameonewa. Mama alimfananisha na sufuria lenye kifuniko kizito: linachemka ndani, wewe unaona kimya. Kazi yake ilikuwa kumpikia baba chai ya alfajiri. Asubuhi moja, kwa kuwa jana yake alinyimwa ruhusa ya kwenda kwenye sherehe ya rafiki yake huko Kwamndolwa, alijifunika kanga gubigubi, akaliacha jiko baridi. Baba akaondoka. Mchana ikaletwa habari kwamba ameanguka kazini, na hakuamka tena.

Ua wetu ukajaa watu. Mama alilia hadi sauti ikamkauka, nami nililia kwa sababu wote walilia. Zaina hakudondosha chozi. Alisonga ugali wa waombolezaji, akaosha masufuria, akayasugua tena yaliyokwisha kuoshwa, na chakula hakukigusa. Shangazi zetu wakanong'ona kwamba mtoto yule ana roho ngumu. Mama hakunong'ona, alimtazama tu, maana alikuwa ameshamzika mume, na sasa aliona binti naye anamponyoka akiwa hai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama aliijua methali hiyo vizuri. Lakini kijana wa umri ule ukimwambia alie, ndiyo kwanza anakaza meno.

Kwetu Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana: kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Siku ya kuanua tanga, jirani yetu Mama Perpetua aliingia uani amevaa kofia ya baba na buti zake za kazini, akichechemea vilevile alivyochechemea baba. "Huyu Mzigua kafa makusudi," akatangaza, "ili asinirudishie jembe langu!" Watu wakaangua kicheko, na mama pia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Kisha Mama Perpetua akaenda moja kwa moja jikoni, akachuchumaa mbele ya Zaina, akakohoa kikohozi cha baba.

"Zaina, mwanangu, chai yangu iko wapi?"

Zaina alimrushia upawa. Kumpiga mtani msibani ni aibu isiyosemeka. Mama Perpetua akajipangusa bega taratibu.

"Haya, umenipata. Sasa niambie, uliyetaka kumpiga ni mimi?"

"Nilimsikia anahangaika na kuni," Zaina akasema. "Nikajifanya nimelala."

Hapo ndipo machozi yalipokuja, na yalikuja yote. Mama Perpetua akavua kofia, akamvika yeye. "Alikuja kunywa kwangu," akamwambia. "Akasema, binti yangu leo kaninunia, kanirithi mimi mwenyewe. Akacheka mpaka chai ikampalia." Zaina alilia hadi akalala palepale mapajani mwake. Alipoamka aliomba ugali.

Mpaka leo sijui kama baba aliinywa chai ile. Ukuta ulikuwa mwembamba, mimi nilikuwa macho, na sikumsikia akicheka. Sikuwahi kuuliza, na nampenda Mama Perpetua kwa jambo hilo kuliko yote aliyotutendea.

Siku hizi misiba ina maturubai na maspika, na mtani akijitokeza vijana wanamrekodi kwa simu. Shuleni kwa binti yangu wazazi tunaitwa kufundishwa jinsi ya kuzungumza na vijana kuhusu hisia zao. Ninakwenda, na ninafurahi, kwa kuwa sisi maneno hayo hatukuwa nayo. Hata hivyo juzijuzi binti yangu aligombana na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, akajifungia chumbani, na nilipomuuliza kwa upole wote niliofundishwa anajisikiaje, alinijibu, "Poa." Chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Nikampigia simu Perpetua, ambaye sasa ana duka Kabuku na amerithi utani wa mama yake pamoja na mdomo wake.

Alifika, hata maji hakunywa. Akavaa sweta ya shule ya binti yangu, ikamkaba tumboni, akaingia chumbani, akajitupa kitandani na kugeukia ukuta. "Niacheni!" akalalama. "Niko poa!" Nikamsikia mwanangu akifoka kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, kisha kitu kikagonga ukuta kwa kishindo. Sikwenda kutazama. Nilikwenda jikoni kubandika chai.