Bati la Mwanga

Ukipanga nyumba moja na Mama Zima utampenda au utahama, lakini kujifanya humwoni hutaweza. Nyumba ilikuwa na vyumba sita na mita moja ya umeme, na yeye alijipa kazi ya kupita mlango kwa mlango kila asubuhi, kidole mbele: "Zima! Jua limeshatoka, hiyo taa inamulika nini?" Kinyozi wa chumba cha pili ndiye aliyembandika jina hilo, naye akalipokea bila kinyongo. Jina la mwanawe wa kwanza, ambalo ndilo alilostahili kuitwa kwalo, hata wapangaji wa zamani walishalisahau.

Hakuwa bahili, na waliosema hivyo hawakuwahi kula kwake. Alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani mzuri hatupi kipande cha kitambaa mpaka ajiulize mara mbili. Yeye alijiuliza hivyo kuhusu kila kitu. Nguo za wateja alizipiga pasi zote kwa mkupuo mmoja, akachomoa waya kabla ya nguo ya mwisho, na hiyo ya mwisho ikanyooka kwa joto lililobaki. Maharage aliyachemsha nusu tu, kisha akaididimiza sufuria ndani ya kapu alilolijaza mabaki ya vitambaa, akarudi kwenye cherehani yake ya miguu. Mchana yakawa yameiva yenyewe. Maji ya kufulia yalideki sakafu kwanza ndipo yakaenda chooni.

"Maji yako yana kazi nyingi kuliko mimi," kinyozi alimtania.

"Tena hayaombi ruhusa ya kwenda kuvuta sigara."

Chumba chenyewe alikikuta pango. Dirisha lilikuwa moja, dogo, limetazama ukuta wa jirani, na bati la juu lilishika jua likageuza ndani tanuri. Taa na feni vilikesha na kushinda. Alipomwomba mwenye nyumba arekebishe, bwana yule alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu: "Fanya unavyotaka, mama, ila mimi usinihesabie."

Basi akafanya. Kuta alizipaka chokaa nyeupe. Alifua magunia, akayaunga, akatengeneza dari ya kuzuia joto. Kaka yake, fundi wa mabati, alipanda juu, akang'oa bati moja kuukuu na kuweka la plastiki, lile linalopitisha mwanga, na pale dari ikaachwa wazi. Chini ya paa akatoboa matundu ili hewa ya moto ipate njia. Lile bati kuukuu Mama Zima akampa jirani aezekee banda la kuku. Kwa miaka tisa tangu hapo, taa yake haikuwaka kabla jua halijazama, na feni aliigawa.

Sasa sikia balaa. Siku moja ya joto kali umeme ulikatika, mwenye nyumba akiwa amekuja kuangalia bomba linalovuja. Mama Zima, kwa ustaarabu wake, akamkaribisha ndani anywe maji. Bwana akakaa. Akatazama juu, akatazama kuta, akanyoosha miguu, na dakika kumi baadaye alikuwa anakoroma kitini. Wiki iliyofuata alirudi, akasimama mlangoni tu.

"Mama yangu anakuja kukaa huku. Umri umekwenda, joto linamtesa. Chumba chako ndicho pekee chenye hewa. Nakupa mwezi."

"Siku uliyonipangisha kilikuwa na hewa?"

"Mama, nyumba ni yangu."

Hilo ndilo lililomuuma, maana lilikuwa kweli. Alilia kwa hasira, huku anashona sare za shule za watu, na machozi yalipokwisha akabaki na uamuzi: angeondoka na kila kilicho chake. Alipata chumba mtaa wa nyuma, cheusi kama hiki kilivyokuwa zamani. Siku ya kuhama akamwita kaka yake aje na ngazi na nyundo.

"Dada, likitoka hili, hapa inabaki mbingu tupu. Lile la zamani uliligawa."

"Aezeke mwenye nyumba. Chokaa ningeweza kuikwangua, ningeikwangua pia."

Kaka alikuwa ameng'oa misumari miwili gari liliposimama nje. Mwenye nyumba alimshusha mama yake, akaweka begi kizingitini na kugeuza gari kwenda kufuata kitanda. Bibi akaingia polepole, mkono ukipapasa ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe kuna mtu? Mwanangu kaniambia chumba kitupu."

"Ndiyo natoka."

Bibi akaketi juu ya kreti lililokuwa katikati ya chumba, jua likimwagika mapajani mwake. Akafungua begi, akatoa sketi iliyofumuka pindo, sindano na uzi.

"Lete nikutungie," Mama Zima alisema.

"Hebu ngoja kwanza."

Akainua sindano juu, akakosa. Akalamba uzi, akajaribu tena, ukapita. Bibi akabaki ameishika sindano hewani, haamini.

"Mwaka wa nne huu natungiwa na wajukuu," akasema. "Kule nilikotoka tunawasha taa mchana na bado sioni. Nani kaweka jua humu ndani?"

Mama Zima aliinua macho kwenye bati. Moyo ulikuwa unamchoma, na hakuwa amemsamehe mtu. Juu nyundo iligonga, vumbi likamwangukia bibi begani.

"Kuna nini huko?"

"Fundi, mama. Anakagua."

Akatoka nje, akasimama chini ya ngazi.

"Kaka, rudishia misumari."

"Nimebakiza minne tu!"

"Rudishia. Pigilia sawasawa, mvua isimwingilie."

Kaka alimtazama dada yake, kisha mlango, kisha rundo la vyombo juu ya mkokoteni.

"Na bati lako?"

"Liache," alisema. "Lina mwenyewe."