Chupa Chini ya Zir

Juzi nilifungua chupa ya Malbec, divai nyekundu ya Argentina, katika mgahawa wa mtaa wa Hai Cinema hapa Juba ninakofanya kazi, na harufu yake ikanifikia kabla sijaweka kizibo mezani: zambarau zilizoiva kupita kiasi, na kitu kama moshi kwa mbali. Mteja alikuwa ameshika glasi, anangoja. Ilinibidi nijifanye nasoma lebo, maana macho yalikuwa yamejaa machozi. Yeye sikuweza kumweleza, kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda na kupanga nyumba Gumbo, ng'ambo ya daraja. Baba alikuwa mhudumu katika hoteli moja kando ya mto. Mapigano yalipoanza na wageni wakakimbilia uwanja wa ndege, mmoja wao, mtu wa Argentina, alimwachia baba chupa ya divai nyekundu ya kwao. Mwezi uleule kaka yangu Emmanuel, mwendesha bodaboda, alimpakia abiria kuelekea Yei. Hakurudi. Baba akasema chupa ile haitafunguliwa mpaka Emmanuel aingie mlangoni.

Lebo yake ilikuwa na mlima wenye theluji, na neno Mendoza, jina la kwao yule mgeni. Jioni baba alinipakata akanisimulia alivyosimuliwa na yule mgeni, kwamba mashamba yao yako juu sana, karibu na mawingu. "Jua ya kule inachoma, lakini usiku baridi inashika," alisema. "Zabibu inafanya ngozi nene ya kujilinda. Ndiyo maana divai iko nzito na nyeusi hivi." Mimi niliyezoea joto la Juba nilimwamini kwa heshima tu. Sikuelewa mtu atalimaje mahali pa baridi wakati nchi zenye jua zipo.

Kitu cha mlimani kilihitaji ubaridi, nasi tuliishi chini ya mabati. Baba akachimba chini ya zir, ule mtungi mkubwa wa udongo wa maji ya kunywa, mahali ambapo mchanga haukukauka. Akaifunga chupa kwa gunia, akailaza humo. Kazi ya kumwagia gunia kikombe cha maji kila mchana akanipa mimi. Habari haikukaa siri. Mzee mmoja wa kanisa alianza kupita kutusalimia kila siku, akisifu maji yetu huku macho yake yako chini ya mtungi.

Hakuna aliyeniambia, lakini kichwani mwangu mambo hayo mawili yalishikana: gunia likiwa bichi, Emmanuel yu hai. Nilimwaga maji yale kwa hofu. Hata nilipokuwa na homa nilijikokota hadi pale.

Kisha kiangazi kimoja nilipelekwa kwa shangazi, mtaa wa Hai Mauna. Nilicheza siku nne bila kukumbuka. Niliporudi gunia lilikuwa kavu, mchanga umepasuka, na kizibo kimeinuka, shingo ya chupa imechuruzika wekundu. Nilidhani nimemuua kaka yangu. Nilimpelekea baba chupa kwa mikono miwili, nikamweleza nikilia.

Baba alikitazama kizibo. Akagusa ule wekundu, akaonja kidole.

"Bado iko mzima, Poni," alisema. "Endelea na maji."

Nililala vizuri usiku ule. Nikaendelea, miaka.

Mwaka jana baba alifariki. Kwenye matanga baba mdogo aliniambia kwamba wiki ileile niliyokuwa kwa shangazi, baba aliitwa barabara ya Yei kuitazama pikipiki iliyoungua na aliyekuwa karibu nayo. Alimtambua mwanawe kwa viatu. Alimzika hukohuko, akarudi nyumbani, akamwambia mama kwamba hajapata habari.

Nami katika kazi hii nimefundishwa kwamba kizibo kikiinuka na divai ikavuja, joto limeshaiharibu. Chupa hiyo hapewi mteja. Baba alikuwa mhudumu kabla sijazaliwa. Alipoonja kidole kile alikuwa anajua. Yote mawili alikuwa anajua.

Jumapili iliyopita nilivuka daraja kwenda kwa mama. Amekonda, anasikia kwa shida, lakini zir iko palepale. Nilipiga magoti nikaitoa chupa. Hakukuwa na haja ya kuifungua; siki ilinuka kupitia kizibo. Mlima kwenye lebo ulikuwa umeoza, imebaki theluji kidogo. Nilikuwa nimekuja kumwambia ukweli. Niliona ni dhambi kumwacha mwanamke wa umri wake akisikiliza kila pikipiki inayopita.

Mama aligeuka kwenye mkeka.

"Iko namna gani?" aliuliza.

Niliirudisha chupa ndani ya gunia.

"Bado iko mzima, mama."

"Gunia imekauka," alisema. "Mwaga maji. Emmanuel akikuta imeharibika, tutamwambia nini?"

Nikachota kikombe, nikamwaga.