Kompyuta Niliyoikataa Dukani

Kosa langu ni kiburi cha kujifanya najua, na nimechoka kulitafutia jina zuri zaidi. Miaka ile soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, kompyuta za mtumba zilifika Morogoro mjini. Binti yangu Veronika alikuwa na usaili wa uchapaji kiwandani wiki iliyofuata, naye hakuwahi kugusa kompyuta. Nikaenda kumnunulia, peke yangu.

Nilichagua yenye kioo kikubwa. Muuzaji akaweka kando yake sanduku la chuma.

"Mzee, vinakwenda pamoja."

"Kijana, biashara huria si wizi huria. Sinunui makopo."

"Lakini mzee wangu, bila hili..."

"Nimesema kioo na kibodi. Funga mzigo."

Jioni, nyumbani Mafiga, niliwakusanya majirani, nikawahutubia kupita kiasi kuhusu elimu, kisha nikawasha. Kioo kikabaki cheusi. Niliulaumu umeme, nikazilaumu nyaya, hatimaye nikamlaumu Veronika kwa kusogea karibu mno. Akaanza kulia.

Mdogo wa mke wangu, mpiga chapa wa misheni huko Mgeta aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, alichungulia nyuma ya meza, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko vicheko vilivyofuata:

"Shemeji, hiki ni kioo tu. Kompyuta yenyewe umeiacha wapi?"

Aliyenitangulia dukani kesho yake asubuhi, akaomba radhi niliyoshindwa kuitamka, akarudi na lile sanduku la chuma, kisha akaketi na Veronika mpaka vidole vyake vikazoea, ni shemeji huyo, Koleta.