Mzaha wa Temyong

Temyong, mwongoza wazamiaji wa pwani ya Anilao, alikuwa na mzaha mmoja tu, na aliutumia miaka ishirini na sita. Kila alipowapandisha wageni botini baada ya kuzamia, alijishika kichwa na kupiga ukelele: "Jamani, mlikuwa wangapi? Nimemsahau mmoja chini!" Wageni waliruka kwa hofu, naye akacheka peke yake. Yeye mwenyewe husema siku hizi kwamba heri angekuwa bubu.

Jumanne moja aliibuka na wageni wawili, akavua miwani ya maji, akamgeukia Isko, nahodha wake.

"Isko, leo tumeshazamia?"

"Ndiyo kwanza umetoka, Kaka. Si unachuruzika maji?"

"Kumbe." Akajifuta uso. "Isko, leo tumeshazamia?"

Wageni wakacheka, Isko akacheka. Temyong akajifunga mtungi mpya wa hewa mgongoni ili ashuke tena papo hapo, bila kupumzika. Kushuka hivyo humpoozesha mtu au kumuua, na nusu ya wazamiaji wa pwani ile walifundishwa hilo na Temyong huyo huyo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Alikuwa ameshaketi ukingoni alipogeuka. "Nening yuko wapi? Mbona kahawa haijaja?"

Isko akaacha kucheka. Nening, mke wa Temyong, alizikwa mwaka juzi, na kuhusu Nening Temyong hakuwa na mzaha hata siku moja. Isko akamdaka kwa mkanda wa mtungi, akamwangusha chali ndani ya boti, akawasha injini.

Jioni, hospitalini, kumbukumbu zilirudi, isipokuwa za saa zile. Daktari akamwambia bahari basi. Temyong hakubisha.

"Nikibisha leo, kesho nitasahau nilibishia nini," alisema.

Isko alikuwa kando ya kitanda, anamenya chungwa.

"Eti nilimuulizia Nening?"

"Mara tisa, Kaka."

"Ukanijibuje?"

"Ya kwanza nilikwambia kweli. Ulilia, Kaka, we acha tu. Dakika mbili hazijapita, ukauliza tena. Basi tangu hapo, kila ukiuliza, nikasema yuko sokoni, anakuja."

"Nami?"

"Ukafurahi. Ukasema tumsubiri."

Temyong akahesabu kwa vidole.

"Mpumbavu mimi," akasema. "Nimefurahi mara nane, na hata moja siikumbuki."

Akajaribu kucheka, akashindwa. Isko akampa kipande cha chungwa.