Mwendo wa Abdurahim Fundi

Abdurahim, fundi cherehani wa Majengo, hakuwa mtu wa kutulia. Ukimpelekea suruali, alikupima kiuno huku vidole vyake vinapiga ngoma kwenye mkanda wako. Jirani akitwanga viungo, mguu wa Abdurahim uliokuwa kwenye pedeli ulimfuata jirani, na mshono ukaenda upogo. Miaka kumi na tisa alikuwa akipiga chapuo, ile ngoma ndogo ya harusini, na kazi ya chapuo ni kuifuata ngoma kubwa. Alifuata mpaka akachoka kufuata.

Mwaka wa sabini na tisa, harusi mbili ziliingia uwanja mmoja, na hakuna upande uliokubali kunyamaza. Huku Abdurahim na chapuo, polepole. Kule Nahashon, fundi wa reli kutoka Makongeni, na isukuti, ngoma ndefu ya kwao Magharibi, mbio. Watu waliziba masikio. Abdurahim alisisimka mwili mzima.

"Tuipige hivi hivi makusudi," akamwambia Nahashon baadaye. "Wewe kwako, mimi kwangu, mpaka mwisho."

"Watu watasema tumelewa."

"Mimi silewi, ndugu yangu. Watakusema wewe."

Walifanya mazoezi mwezi mzima uani kwa Abdurahim. Kila mara, dakika ya tatu haijaisha, mkono wake unateleza na kuingia kwenye mwendo wa mwenzake.

"Umekuja kwangu tena," Nahashon anasema. "Rudi kwako."

Mkewe, Mwanasiti, akacheka kutoka jikoni. "Baba Lela, wewe hata kikohozi cha mgeni unakifuata!"

Abdurahim naye alicheka, lakini neno hilo lilimchoma. Walikuwa wamepewa nafasi Jumamosi katika ukumbi wa Kaloleni, na yeye alikwishawaalika wateja wote. "Nikimfuata siku hiyo," akamwambia mkewe, "chapuo inapanda juu ya kabati, na haishuki tena."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wakaanza, kila mtu na mwendo wake. Sasa, watu wa mitaa ile wana huruma yao. Mpigaji akipotea hawamzomei. Wanampigia makofi wamrudishe njiani. Wakaona wazee wawili wamepotea, basi ukumbi mzima ukaanza makofi.

"Shikeni hapa, wazee! Hapa!"

Makofi yakaangukia upande wa Nahashon, maana ndiye aliyekuwa mbio. Abdurahim akahisi mkono unaanza kuteleza. Jasho likamwingia machoni. Aliwatazama wateja wake wanavyomsaidia kwa moyo safi, akatamani kuwapigia kelele wanyamaze.

Badala yake akavua kiatu cha kulia. Akaweka unyayo sakafuni, akaanza kukanyaga, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kama anashona pindo la kanzu, pindo refu ambalo ukiliharakisha linajikunja. Akaufikiria uzi tu. Mkono ukaufuata mguu.

Makofi yakavurugika, huyu huku, yule kule, yakafa. Viti vikalia. "Hawa wamepoteana kabisa!" akasema mtu.

Ndipo Syombua, muuza makaa, aliyekaa mbele, akainuka. Mabega yake yakatetemeka na isukuti. Miguu ikajikokota na chapuo.

"Nani kapotea?" akauliza bila kugeuka. "Wako wawili, si mnaona? Pisheni!"

Wengine wakajaribu, wakakanyagana, wakacheka, wakajaribu tena.

Nahashon akamaliza kwanza, akakaa na mikono magotini. Abdurahim akabaki peke yake, hana wa kumfuata, akaendelea taratibu mpaka pindo lake likafika mwisho. Ndipo akatafuta kiatu.

"Leo hukuja kwangu hata mara moja," Nahashon akasema.

"Ningekujaje?" akajibu, anapapasa chini ya kiti. "Nilikuwa nashona."