Shamba Lililoangukiwa na Ndege

Kama hukuwahi kumsikia Clotilde Mwansa akilia, basi hukuishi mtaa wa Kenya. Nasema Kenya yetu ya Lubumbashi, siyo ile nchi ya mbali. Mama huyu alikuwa fundi wa kilio. Akisikia kuna msiba, anafunga kitambaa kiunoni anatoka, na kabla hajafika mlangoni sauti yake imeshaingia ndani na kukaa. Aliwahi kumlilia mlevi mmoja kwa sifa nyingi mno, mpaka mjane wa yule mlevi akaanza kujiuliza kama kweli ndiye aliyeolewa naye.

Siku zisizo na msiba alikuwa mkulima. Mume wake alifia mgodini Kipushi, watoto waliozaliwa hawakuishi, na alichobakiwa nacho ni shamba la muhogo nje ya mji, upande wa uwanja wa ndege wa Luano. Shamba hilo ndilo lililomlisha. Muhogo na sombe, yaani majani yake, alivipeleka kwa wanawake wa soko la Kenya, na mkubwa wao alikuwa Delphine, mama mnene mwenye mdomo. Delphine akikataa kitu chako asubuhi, mchana hakuna anayekigusa.

Katanga ilipojitenga na vita vikaingia mjini, ndege nazo zikaanza kuanguka. Za jeshi zilianguka, za raia zilianguka. Nani angezuia? Huku chini kila mwenye bunduki alipiga kwanza, ndipo akauliza ndege ni ya nani. Watu wa Kenya wote wakawa mabingwa wa mambo ya anga. Aliyewazidi ni Zéphirin, mstaafu wa reli, ambaye shamba lake lilipakana na la Clotilde. Mzee huyu alisikiliza mngurumo, akafumba jicho moja, akakuambia ndege inatoka wapi, inakwenda wapi na imebeba nini. Hakupatia hata mara moja.

Sasa siku moja ndege ndogo ya mizigo, ikitoka kaskazini na magunia ya samaki wakavu, ikakaribia Luano. Hawa wakadhani ni ya wale, wale wakadhani ni ya hawa, basi wote wakaipiga. Ikaja ikakwaruza miti, ikajitupa katikati ya muhogo wa Clotilde, ikawaka moto. Askari walikuja, wakachungulia, wakasema rubani ameungua akaisha, wakaenda zao. Samaki waliorushwa nje hawakulala pale. Moshi haujatulia, vyungu vya mtaa mzima vilikuwa vinanukia samaki, na hakuna aliyeuliza kama ni halali.

Lakini muhogo, wacha wee! Clotilde alipofika sokoni na beseni lake kichwani, Delphine alirudi nyuma.

"Hii iko ya shamba ya ndege? Hapana, Mama Clotilde. Muntu alikufa mule."

"Na samaki ulikula."

"Samaki ilitoka mu ndege. Muhogo njo inatoka mu udongo ya maiti."

Clotilde hakuweza kubisha, maana desturi hiyo hata bibi yake aliishika. Mtu akifia shambani, hakiliwi kitu cha shamba lile mpaka mtu wa ukoo wake aje, amlilie palepale, achimbe mmea wa kwanza, auchome, aule mbele ya watu. Sasa ukoo wa rubani mzungu utautafuta wapi, na vita hivi? Uko Ulaya huko, unakunywa kahawa.

Zéphirin alicheka mpaka akashika mbavu. "Mambo ya bushenzi haya! Tuko bakristu, Mama, tuko mu vingtième siècle, karne ya ishirini!"

Clotilde akachagua muhogo mmoja mnono, akamnyooshea. "Basi kula, Papa."

"Aa, leo tumbo inaniuma," alisema mzee, akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Wiki ilipita. Nyumbani kwa Clotilde unga ukaisha, na beseni likakaa limefunikwa ukutani. Njaa ilimuuma, na hasira ikamuuma zaidi. Akarudi sokoni mikono mitupu, akasimama mbele ya Delphine.

"Huyu mutoto wa ndege anakosa mama hapa?"

"Anakosa."

"Basi mama yake njo miye."

Wanawake wakatazamana. Walishauriana asubuhi nzima, wakakuta desturi haikusema popote kwamba mama lazima afanane na mtoto. Wakakubali.

Clotilde akanyoa nywele zake zote, akavaa nyeusi, akaketi matanga uani kwake. Watu wakaja na makaa na unga kama ipasavyo, wakakaa. Shida ikawa moja tu: utamsifu vipi marehemu usiyemjua? Haya, fundi ni fundi. Clotilde alilia kwamba mwanawe hakuwahi kuchelewa misa. Akalia kwamba alipenda sombe tangu akiwa mdogo, kwamba alimheshimu kila mtu, kwamba shuleni alijua kila kitu isipokuwa hesabu. "Mutoto yangu wa masikio mekundu! Nani atanitengenezea paa sasa?" Watu walilia kikweli. Zéphirin, aliyesema amekuja kutazama tu, alionekana akipangusa macho, akasema ni moshi.

Siku ya mwisho wakaongozana wote kwenda shambani. Clotilde akapiga magoti kando ya mabaki ya ndege, akainua sauti. Amefika katikati, pale pa masikio mekundu, gari la jeep likasimama barabarani. Akashuka kijana wa kizungu, mkono umefungwa shingoni, na masikio yake, wallahi, mekundu.

Watu walitawanyika. Delphine na unene wake wote ndiye aliyefika barabarani kwanza. Clotilde peke yake alibaki, kwa sababu kilio kilikuwa bado mdomoni.

"Weye ni nani?"

"Mimi Pierre," alisema kijana kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Hii ndege yangu."

"Hapana. Weye ulikufa."

"Mimi si kufa, Mama. Kutoka, kutembea, kuanguka. Watu ya makala kunichukua."

Kumbe alitambaa nje kabla ya moto, kichwa kinazunguka, akashika njia ya Lukafu badala ya njia ya mjini, na wachoma makaa wakamtunza kambini mwao mpaka akakumbuka jina lake.

Clotilde akasimama.

"Nimenyoa nywele!" akapiga kelele. "Niko nakulilia mpaka sauti inakauka, na weye uko unakula kwa batu ya makala! Huna haya?"

"Pardon, Mama," alisema Pierre. Na kweli aliomba radhi, maskini, kwa kosa la kutokufa.

Wanawake walirudi mmoja mmoja. Kesi ikawa ngumu: hakuna aliyekufa, lakini mtu ameliliwa. Delphine akakata shauri kwamba marehemu mwenyewe ale. Clotilde akachimba, akachoma, na Pierre akala mbele ya watu wote, akaomba nyongeza. Siku hiyohiyo muhogo wa shamba la ndege uligombaniwa sokoni.

Kuanzia hapo kijana akawa anakuja Jumapili kula bukari, ugali wetu, na sombe. Alifanya kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Paa alilitengeneza, vibaya, likavuja kuliko kwanza. Alipopewa ndege nyingine, kila akitoka Luano alipita juu ya shamba akainamisha bawa, na Clotilde alimtishia kwa jembe. "Tazama njia, weye mujinga!" alikuwa akipiga kelele huku anacheka. Wenye midomo walisema mengi, hasa Zéphirin, aliyemwita "mama ya Ulaya". Clotilde hakujali. Alikuwa anampenda mtoto yule, basi.

Mwaka uliofuata, karibu na Noeli, mapigano yakaanza tena. Ndege ya Pierre ikapigwa ikiwa inaondoka. Safari hii haikufika kwa Clotilde. Ilianguka hatua chache upande wa pili wa mpaka wa shamba lake, ndani ya shamba la Zéphirin. Na safari hii hakuna aliyetambaa. Wakubwa wa kampuni yake walikuja na jeneza, wakalifunga, wakalisafirisha kwao.

Hapo ndipo Zéphirin alipojua uzito wa desturi. Delphine alirudisha muhogo wake bila hata kuugusa. Mzee akatangaza mambo ya karne ya ishirini, wanawake wakamsikiliza kwa adabu, wakageuka wakanunua kwingine. Mke wake, Régine, akawa anakopa unga kwa majirani, na wajukuu wanalala wakinung'unika. Mwishoni mzee akavaa koti lake la reli, akaenda kwa Clotilde, kofia mkononi.

"Mama Clotilde. Weye njo mama yake. Batu bote banajua."

"Hata mara ya kwanza balisema alikufa," Clotilde akajibu bila kumtazama. "Atakuja Jumapili."

"Mama, niliona kwa macho yangu."

"Weye? Weye hata ndege ya kubeba samaki ulisema inabeba masista."

Akafunga mlango. Jumapili akapika bukari, akafunika, akakaa mlangoni. Bukari ikapoa, ikawa ngumu. Kesho yake Régine mwenyewe akaja. Alisimama uani na kibakuli kitupu mkononi, akashindwa hata kuomba. Clotilde alikitazama kile kibakuli muda mrefu. Njaa ile aliijua, ilikuwa ya kwake mwaka uliopita. Akaingia ndani, akatoka na jembe.

Shambani watu walikuwa wengi, hata wale ambao hawakuwa na shughuli, maana nani angekosa kilio cha Clotilde? Akapiga magoti kwenye udongo mweusi. Akavua kitambaa. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Watu wakasubiri, mmoja akakohoa. Delphine akainama karibu naye, kwa upole ambao hakuna aliyewahi kumwona nao. "Mama, anza na masikio. Ile ya masikio ilikuwa muzuri."

"Siwezi," alisema Clotilde. "Ile siku niliweza sababu hakukuwa bado mutoto yangu."

Ndipo Zéphirin, yule mzee wa karne ya ishirini, akaweka kofia yake chini na kuanza kulia yeye. Mungu wangu, alilia vibaya! Sauti ilipanda ikakwama, ikashuka ikakwaruza. Akasema kijana alikuwa mzuri, akasema alikuwa mrefu, sifa zikamwishia, akaanza kusifu ndege: ilikuwa na injini mbili, alisema, ilikuwa inatoka Kipushi. Ilikuwa na moja, na ilikuwa inatoka Luano, kila mtu anajua.

"Hata leo!" alisema Clotilde. "Hata leo unakosea, Papa!"

Akacheka. Kicheko kikamvunja katikati, na kilio kikapita palepale, bila sifa hata moja, bila maneno. Kilikuwa kibaya kuliko cha Zéphirin. Hakuna aliyekisifu, na hakuna aliyeondoka.

Alipomaliza alishika jembe akachimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Akawasha moto, akachoma muhogo, akamega, akala mbele ya watu wote. Kilichobaki akampa Régine mkononi.

"Kuleni," akasema. "Mutoto yangu amewaachia."