Mkate wa Bosco Mwingine

Harufu ya sambusa zikikaangwa hunirudisha Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwenye ua wa Mama Saidi, mchuuzi aliyeniokota nikilia kando ya soko. Siku hiyo tulikuwa tumekimbia risasi kutoka Carama, na katikati ya umati mkono wangu ukachopoka kwenye mkono wa mama. Nilikuwa na miaka mitano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Saidi hakunipa hata ufagio. Alinilaza na wanawe, akanilisha, kisha akanipeleka kwa dada mmoja aliyekuwa akitafuta wazazi wa watoto waliopotea.

"Mama yako anaitwa nani?" dada akauliza.

"Mama."

"Apana, jina lake. Majirani banamwitaka nani?"

"Mama Bosco."

"Na Bosco ni nani?"

"Ni mimi."

Watoto waliokuwa kwenye foleni walicheka. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Mtoto gani hajui jina la mama aliyemzaa? Lakini ndilo tulilokuwa nalo, na redio ikatangaza kwamba Bosco anamtafuta Mama Bosco, utadhani Bujumbura nzima ilikuwa na Bosco mmoja! Baada ya siku chache mwanamke akaja mbio, kitenge kimelegea kiunoni, mkate mkononi. Akanishika uso, akaugeuza kwenye mwanga, halafu akaniachia. "Apana," akasema. "Si wangu." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nilichokijua ni utamu wa mkate, na macho yalikuwa hapo hapo. Akaniona. "Kamata, mutoto wangu. Kula." Nikaula wote mbele yake, wala sikusema asante. Mama Saidi alimshika bega, wakalia pamoja.

Mama yangu alikuja wiki iliyofuata, kwa tangazo lile lile. Anaitwa Jenerose. Leo nina watoto, na kila asubuhi kabla ya shule huwatajisha jina la mama yao na langu. Wao hucheka, wakidhani baba yao ana wazimu kidogo. Hujiona nimejifunza. Kisha napita mbele ya duka la mikate, na aibu inanipanda upya. Sijui kama mwanamke yule alimpata mwanawe. Ningependa kumtafuta nimwombe radhi, lakini redioni nitatangaza nini? Jina lake sikumwuliza. Hata yeye namjua kwa jina la Mama Bosco tu.